Je, Kusaka Stesheni Bado Kuna Faida?

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani,

Katika mkutano wetu uliopita, baada ya chakula cha mchana, ndugu mmoja niliyelala naye bweni moja alinishika bega akaniuliza mbele za watu: "Hivi wewe bado unahangaika na lile debe lako la kusaka stesheni? Dunia nzima siku hizi imo kiganjani!" Akatoa simu yake mfukoni akaiinua juu. Watu walicheka, nami nikacheka nao. Hata hivyo swali lile nilirudi nalo Kiwangwa ndani ya basi, na usiku ule lilinikosesha usingizi. Mhariri aliponiomba niandike chochote kwa ajili ya jarida letu, niliona ni vema nimjibu ndugu yangu kwa utaratibu, kwa kuwa aliuliza jambo la haki.

Kwa wadogo zetu ambao hawakuyaona mambo haya, nieleze kwanza. Kusaka stesheni ni kukaa na redio ya masafa mafupi, kuzungusha kifundo polepole, na kutega sikio katikati ya mikwaruzo mpaka upate sauti ya mbali. Ukishaipata, unaandika daftarini saa, mkanda, lugha na namna ilivyosikika. Wengi wetu tuliviandikia barua vituo vile, navyo vikatujibu kwa kadi za uthibitisho, kalenda na vijitabu. Daftari langu la kwanza ninalo hadi leo, ingawa mchwa wamekula pembe moja.

ASILI YA JAMBO LENYEWE

Pwani yetu haikuanza jana kusikiliza habari za mbali. Mwaka 1890 waya wa simu ulilazwa chini ya bahari kutoka Unguja kuja Bagamoyo na Dar es Salaam. Baadaye Wajerumani walijenga mtambo wa simu isiyotumia waya pale Dar es Salaam, na vita vilipoanza, manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea iliufyatulia mizinga mji huo tarehe 8 Agosti 1914, shabaha yake ikiwa mtambo huo. Basi tokea hapo ilijulikana kwamba mwenye kusikia mbali ni mtu wa kuogopwa.

Utangazaji wa kuwafikia raia ulikuja mwaka 1951, Dar es Salaam kwa mtambo mdogo, na Unguja vilevile mwaka huohuo. Shirika la Utangazaji la Tanganyika liliundwa mwaka 1956, na mwaka 1965 likageuzwa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ambayo sisi tumelelewa nayo.

Lakini mawimbi hayana mipaka, na wakubwa wa dunia waliligundua jambo hilo mapema. Sauti ya Cairo ilianza kusema nasi kwa Kiswahili mwaka 1954, ikiwashambulia wakoloni waziwazi. Waingereza nao wakaanzisha Idhaa ya Kiswahili ya BBC mwezi Juni 1957. Peking ilifuata mwaka 1961, Sauti ya Amerika mwaka 1962, na Sauti ya Ujerumani mwaka 1963. Mkulima wa Kiwangwa, ambaye hakuwa na barabara ya lami wala umeme, aliweza kuketi chini ya mwembe wake akabembelezwa kwa lugha yake mwenyewe na mataifa yote makubwa yaliyokuwa yakigombana.

Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wao. Alinisimulia kwamba Jumapili ya tarehe 12 Januari 1964 aliwasha redio kutafuta Unguja kama kawaida yake, akasikia sauti ngeni yenye lafudhi ya bara, ikijiita Fildi Mashali na kutoa amri kali. Alikuwa ni John Okello. Kutoka ufuo wa Bagamoyo hadi Unguja ni mwendo wa jahazi tu, kwa hiyo redio ya Unguja ilisikika kwetu kana kwamba msemaji yu barazani. Baba alisema watu walikusanyika wakasimama kimya, kwa maana wengi walikuwa na ndugu ng'ambo ile.

NAMNA INAVYOFANYA KAZI

Mwalimu wetu wa Fizikia alitufundisha jambo hili vizuri kuliko kitabu. Juu ya hewa tunayovuta, kuanzia kama kilometa 60 kwenda juu, kuna matabaka yaliyotiwa chembe za umeme na mwanga wa jua. Mawimbi mafupi yakirushwa juu hugonga matabaka hayo yakarudishwa ardhini, yakaruka tena, na hivyo yakavuka bahari na mabara. Mchana tabaka la chini humeza mawimbi ya kati. Jua likitua tabaka lile hutoweka, na hapo stesheni za mbali huanza kuingia. Ndiyo sababu usiku tulikimbilia mkanda wa mita 49, na mchana ule wa mita 19 au 16. Jua nalo lina msimu wake wa miaka kama 11 wa kuchangamka na kupoa, na msakaji huuhesabu kama mkulima ahesabuvyo vuli na masika.

Vifaa vyetu mnavikumbuka. Redio ya National, ambayo kampuni yake ilikuwa na kiwanda Dar es Salaam, waya wa shaba uliotolewa dirishani ukafungwa kwenye tawi la mwembe, na betri zilizoanikwa juani asubuhi ili zipate uhai wa siku mbili zaidi. Nani kati yetu hakuanika betri?

USIKU WA BWENI

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nisiache kazi hii maisha yangu yote.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 nilikuwa Kidato cha Tatu. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka tarehe 30, na tarehe 1 Novemba yeye akatangaza kwamba ameitwaa sehemu ya Kagera kuwa ardhi ya Uganda. Usiku ule sisi wanne tulikuwa chini ya blanketi moja na redio, taa zikiwa zimekwisha zimwa. Tuliipata Radio Uganda kwa Kiingereza, ikijigamba. Kabla hatujaizima mlango ukafunguliwa na mwalimu wa zamu akaingia na tochi. Tulijua kesho tutafyeka majani. Mwalimu alisimama, akasikiliza, kisha akaketi ukingoni mwa kitanda changu na kusema kwa sauti ndogo: "Ongeza kidogo." Hakuna aliyeadhibiwa. Kesho yake Mwalimu Nyerere alihutubia taifa, akasema sababu tunayo, uwezo tunao na nia tunayo, na shule nzima ilimsikia kwa redio iliyowekwa dirishani kwa Mkuu wa Shule.

Kaka yangu alikuwa mwanajeshi. Tangu siku ile mimi sikusaka stesheni kwa starehe. Kila usiku niliisikiliza Dar es Salaam, kisha Kampala, kisha London, kisha Cologne, nikiandika daftarini kila mmoja kasema nini juu ya mahali palepale. Kampala ilipodai imewaangamiza wetu, London ilisema bado haijathibitishwa. Dar es Salaam ilipotangaza mji umetekwa, nilingoja kuona kama Kampala itaacha kuutaja. Ilipouacha, nilijua ni kweli. Hakuna somo la darasani lililonifundisha kupima maneno kama miezi ile. Redio ya nchi iliyo vitani husema lile linalotia watu moyo, na si kosa kubwa, lakini msikilizaji mwenye ndugu mbele anahitaji zaidi ya moyo.

Tarehe 11 Aprili 1979 nilikuwa nyumbani Kiwangwa. Siku hiyo katika Radio Uganda ileile, sauti ya Luteni Kanali David Oyite-Ojok ilitangaza kwamba serikali ya Amin haipo tena. Nilimweleza baba, naye akatoka nje kuwaita jirani. Mama alibaki kwenye mkeka wake akaniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, wamesema majina?" Nikamwambia, la, mama, hawakusema majina. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupepeta mchele.

Barua ya kaka ilifika mwezi wa sita, naye mwenyewe akarudi salama baadaye. Alinieleza kwamba kule mbele nao, kila palipopatikana nafasi, walizungusha redio kuitafuta Dar es Salaam. Basi huenda usiku fulani mimi na yeye tulikuwa tukisikiliza taarifa ileile, kila mmoja akimfikiria mwenzake.

HOJA ZA NDUGU YANGU

Nisije nikaonekana mzee anayelilia ujana wake, niseme wazi kwamba ndugu yangu wa simu ana hoja nzito.

Kwanza, stesheni zenyewe zinapungua. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa redio za watu binafsi, Radio One ikaanza mwaka 1994, na masikio ya watu yakahamia FM, ambayo ni safi ingawa haifiki mbali. RTD yenyewe ilibadilishwa, na tangu mwaka 2007 ni TBC. Huko nje Radio Netherlands iliacha masafa mafupi mwaka 2012, Channel Africa ya Afrika Kusini mwaka 2019, na mwezi Machi 2025 watumishi wa Sauti ya Amerika walipewa likizo ya lazima kwa agizo la serikali yao, na matangazo waliyokuwa wakiyatuma tangu mwaka 1942 yakakatika. Mikanda iliyokuwa kama soko la Jumamosi siku hizi ina vibanda vichache.

Pili, kelele zimezidi. Umeme ulipofika kijijini kwetu tulifurahi sote, lakini chaja za simu, taa hizi mpya na mitambo ya sola hurusha mikwaruzo inayozima sauti dhaifu. Mimi hulazimika kuzima swichi kuu ya nyumba nikitaka kusikiliza vizuri, na mke wangu ana maoni yake juu ya jambo hilo.

Tatu, habari yenyewe hufika upesi zaidi kwa simu. Kwa mtu anayetaka tu kujua bei ya mananasi Dar es Salaam, ambayo ndiyo riziki yetu hapa Kiwangwa, redio ya masafa mafupi haimsaidii kitu.

Aidha, teknolojia hiyohiyo imemletea msakaji zana mpya. Mjukuu wangu alinionyesha kifaa kidogo mfano wa kidole, kinachochomekwa kwenye kompyuta na kuigeuza redio ya kupokea masafa mengi, hata ishara zinazotumwa na ndege zipitazo juu yetu, ambazo hutaja safari, kimo na mwendo. Alinionyesha pia redio ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, iliyowekwa kwenye intaneti tangu mwaka 2008, ambayo mtu yeyote anaweza kuizungusha kutoka popote alipo. Nilikaa nikazungusha kifundo cha Uholanzi nikiwa kwenye shamba la mananasi. Nakiri nilifurahi kama mtoto.

Hapo nitoe onyo kwa vijana. Yako matangazo, ambayo ni ya kila mwenye sikio, na yako mazungumzo ya watu. Mawasiliano ya polisi katika nchi nyingi siku hizi yamefungwa kwa namba za siri, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano ya wengine bila idhini. Ni adabu ileile ya uswahilini: ukipita barazani mwa watu sikiliza salamu, lakini usitege sikio dirishani.

KWA NINI SIKUACHA

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari zilikatika, na Afrika Mashariki nzima ikayumba. Vijana hapa Kiwangwa walipanda juu ya vichuguu wakiinua simu zao, wakidhani kosa ni la mnara. Siku ile nilitabasamu tu.

Lakini tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, sikutabasamu. Intaneti ilizimwa nchi nzima, na haikurejea kwa siku kadhaa. Dar es Salaam ilitangaziwa amri ya kutotembea usiku. Habari zilitujia kwa vinywa vya madereva, na kila dereva alikuwa na yake. Binti yangu anaishi Dar es Salaam. Usiku wa kwanza nilizima swichi kuu, nikatoa redio, nikafunga waya kwenye mwembe uleule wa baba.

Nilisikiliza redio za nyumbani, kisha nikaenda mbali. Vituo vya nje havikuwa vingi kama zamani, lakini vilikuwapo, na kimoja kilitutaja kwa jina. Nilichukua daftari nikaandika kama nilivyoandika mwaka 1978: nani kasema nini, saa ngapi, na nani amenyamaza juu ya lipi. Usiku wa pili jirani wakaanza kuja mmojammoja, wakakaa barazani gizani. Niliwatafsiria yaliyosemwa kwa Kiingereza na sikuongeza neno langu. Walipouliza "Kwa hiyo ukweli ni upi?" niliwasomea daftari, nikawaambia haya ni yale ambayo wote wamekubaliana, na haya ni ya mmoja tu, ngojeni.

Alikuwapo mama mmoja ambaye mwanawe huendesha bodaboda huko mjini. Nilipomaliza kusoma aliniuliza: "Mzee, wametaja majina?"

Ndugu zangu, miaka 46 ilikuwa imepita. Nilimjibu kama nilivyomjibu mama yangu, kwa kuwa sikuwa na jibu jingine.

Sasa nimjibu ndugu yangu. Ukiniuliza kama redio hii inashinda simu, nitasema haishindi. Haikutaja jina la kaka yangu mwaka 1979, wala jina la kijana wa bodaboda mwaka 2025. Kijana yule alirudi na binti yangu akapiga simu, na habari zote mbili tulizipata kwa njia nyingine. Lakini katika usiku ule wa kungoja, redio ilitupa mambo mawili. Ilitujulisha kwamba ulimwengu unaendelea na unatuona, na ilitupa kipimo cha kuchujia uvumi ili hofu isitutawale. Mambo hayo tuliyapata bila kulipa mtu, bila kuandikishwa popote, na bila mtu wa kati ambaye angeweza kuifunga njia kwa kubonyeza kitufe kimoja. Simu yangu inajua ninachokisoma. Redio yangu haijui hata jina langu.

Pia simu huniletea kile ambacho imekwisha ona ninakipenda. Kifundo cha redio hakina upendeleo huo. Ukitoka Beijing kwenda London lazima upite kwa watu ambao hukuwatafuta, na mara nyingi hao ndio wanaokufunza.

Kwa hiyo natoa pendekezo kwa chama chetu. Katika michango ya mwaka huu, pamoja na madawati na rangi ya mabweni, tununue redio mbili za masafa mafupi, waya wa antena wa mita 30, na madaftari, tuvikabidhi kwa wanafunzi wanaosoma Fizikia. Gharama yake haizidi ya mbuzi wa mkutano. Wafundishwe kusikiliza stesheni tatu juu ya jambo moja na kuandika tofauti zake. Wakishajua hivyo, hata wakirudi kwenye simu zao watakuwa wasomaji wengine kabisa.

Na ndugu yangu aliyenishika bega, nakukaribisha Kiwangwa. Basi la Msata litakushusha barabarani, uliza kwa mzee wa redio. Nanasi lipo, mwembe upo, na nitamwomba mke wangu ruhusa ya kuzima swichi.

Wasalaam.